Nglanggeran: kijiji kilichopandisha bei ili wageni wapungue

Mwaka 2014 kijiji cha Nglanggeran, kusini mwa kisiwa cha Java nchini Indonesia, kilipokea wageni zaidi ya 325,000. Mwaka 2019 walifika kama 103,000 tu. Mwonyeshe mtu wa biashara ya hoteli namba hizo mbili bila maelezo, naye atakupa pole na kuuliza kulitokea nini, vurugu au tetemeko. Halafu mwonyeshe mapato. Mwaka ule wa umati kijiji kiliingiza takriban rupia bilioni 1.4. Mwaka ule wa wageni wachache kiliingiza zaidi ya bilioni 3.

Gawanya mwenyewe. Mgeni mmoja wa 2014 aliacha kijijini kama rupia 4,300, fedha ya kikombe cha kahawa kibandani. Mgeni wa 2019 aliacha kama 30,000. Na hili halikuwaangukia kwa bahati. Wanakijiji walikaa, wakaona umati unawachosha kuliko unavyowalipa, wakapandisha kiingilio wakijua fika kwamba watu watapungua. Ndiyo maana nimekichagua kisa hiki. Vijiji vinavyolia kukosa wageni ni vingi mno. Kilichojipunguzia wageni kwa makusudi kikabaki na vitabu vya hesabu vya kuonyesha, sijakutana na vingi.

Nglanggeran ina vitongoji vitano katika wilaya ya Gunungkidul, mkoa wa Yogyakarta, kilomita kama 25 kutoka mji wa Yogyakarta. Kwa Wajava wenyewe jina Gunungkidul lilikuwa na harufu ya ukame na umaskini: ardhi ya mawe, maji ya shida, vijana wanaokwenda Jakarta kutafuta vibarua. Chakula chake cha sifa ni tiwul. Muhogo humenywa, huanikwa juani mpaka ukauke kabisa, huitwa gaplek, kisha husagwa na unga wake kupikwa kwa mvuke. Msomaji wa Mtwara au Kigoma hahitaji kuelezwa zaidi, hayo ni makopa. Kilikuwa chakula cha mtu asiyemudu wali. Leo anawekewa mgeni mezani kwa majivuno, na analipia.

Juu ya kijiji umesimama mlima wa mawe unaoitwa Gunung Api Purba, yaani volkano ya kale. Mabango na vipeperushi hupenda kusema ulikuwa ukitema moto miaka milioni 60 hadi 70 iliyopita. Wanajiolojia wanayapa mawe ya pale umri mdogo zaidi, kama miaka milioni 20 hivi. Sioni kwa nini milioni 20 zisitoshe, lakini muuza utalii haachi kuongeza chumvi. Vyovyote iwavyo, ulishazimika zamani sana. Kilichobaki ni magenge ya mawe meusi yenye kimo cha ghorofa nyingi, yamesimama yakiegemeana. Njia ya kupanda hupita katikati yake. Kuna mahali kuta mbili za jiwe zimekaribiana hata mwenye begi mgongoni inabidi alivue alibebe mbele, apite kwa ubavu, mkono ukipapasa jiwe lenye ubaridi na unyevu, kisha ashike kamba na kupanda ngazi ya miti. Kilele kiko kama mita 700 kutoka usawa wa bahari. Siku ya mbingu safi, alfajiri, unauona mlima Merapi upande wa kaskazini magharibi, huo ukiwa hai na ukitoa moshi.

Mlima wa Nglanggeran zamani watu waliukata. Mawe yalivunjwa kwa ajili ya ujenzi, miti ikaliwa na shoka, mteremko ukabaki mweupe. Mwaka 1999 kikundi cha vijana wa kijiji kilianza kupanda miti na kupokea wageni wachache waliokuja kupiga kambi, kwa kiingilio cha rupia 500. Rupia 500 hata wakati ule ilikuwa kama bure. Usimamizi ulikaa sawa karibu miaka kumi baadaye, mwaka 2008, ilipoundwa kamati ya utalii ya kijiji, aina ya kamati ambayo Waindonesia huifupisha kwa jina Pokdarwis. Mwaka 2013 likazinduliwa bwawa juu ya kilima, Embung Nglanggeran, linalokusanya maji ya mvua ili kunyweshea shamba la miduriani. Bwawa lilichimbwa kwa ajili ya kilimo. Picha zake, maji ya buluu yakielea juu ya bonde jioni, ndizo zilizoleta balaa.

Simu za kamera zilikuwa zimeenea, watu wakaja kwa mabasi. Umati wa 2014 ulikuwa zaidi umati wa picha: mtu anapanda, anapiga, anashuka, anaondoka kabla ya chakula. Anaacha kiingilio na chupa ya plastiki. Barabara ya kijiji inaziba, mawe yanaandikwa majina ya wapenzi, na vijana wa kamati siku nzima wanaelekeza pikipiki za kuegesha. Sisi husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji huyu alikuwa anaugua.

Waliyoyafanya yaeleweke vizuri, maana wengi wanaokitaja kisa hiki huishia kwenye bei. Kiingilio kilipanda hatua kwa hatua hadi rupia 15,000 kwa Mwindonesia, na 30,000 kwa mtu wa nje. Hiyo ya kwanza ni kama dola moja. Haimfukuzi tajiri wala haimtajirishi mtu, inamchuja tu yule aliyekuwa akipita njia. Kazi kubwa ilikuwa upande wa pili, kutengeneza vitu vya kumuuzia atakayebaki. Nyumba za watu zikaandaliwa vyumba vya wageni. Shule na vyuo vikaanza kuleta wanafunzi kukaa siku mbili tatu: kupanda mpunga, kukamua mbuzi wa Etawa, kuchora batiki za vinyago, kula walichopika mama wenye nyumba. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, tunasema kwa utani. Nglanggeran walimpa jembe siku ya kwanza na kumtoza fedha za kulishika.

Kakao nayo. Wakulima wa pale walikuwa na mikakao kwa miaka mingi na walikuwa wakiuza mbegu kavu kwa walanguzi kwa bei ya kupangiwa. Mwishoni mwa 2016 ikafunguliwa Griya Cokelat, nyumba ya kutengenezea chokoleti hapohapo kijijini. Mbegu ileile iliyokuwa ikiondoka kwenye gunia ikawa inaondoka ndani ya pakiti ya unga wa kinywaji, pamoja na maziwa ya mbuzi wa jirani. Mkulima wa Kyela au Bundibugyo anayelima kakao na kuinunua chokoleti dukani kama kitu cha ng'ambo ataelewa uzito wa jambo hilo bila mimi kulikuza.

Tuzo zilifuata. Desemba 2021 Shirika la Utalii la Umoja wa Mataifa lilitangaza kwa mara ya kwanza orodha ya vijiji bora vya utalii, vijiji 44 kutoka nchi 32. Nglanggeran kilikuwamo, na kutoka ukanda wetu kilikuwamo Nkotsi cha Rwanda.

Nina mashaka yangu mawili kuhusu namba hizi. Kwanza, bilioni hizo ni mauzo, kile wenyewe wanachokiita omzet. Ndani yake kuna mchele, mafuta, posho za waongozaji na ukarabati wa njia, kwa hiyo asije mtu akazisoma kama faida. Pili, mapato ya kijiji si mapato ya kila nyumba. Mwenye vyumba viwili safi kando ya barabara na mwenye shamba upande usiopitwa na mgeni hawapati sawa, na hakuna kiingilio kinachoweza kurekebisha hilo chenyewe. Hata hivyo, baada ya kuondoa yote hayo, kazi ya kuwahudumia watu 103,000 ni ndogo mno kuliko ya 325,000, na fedha ni zaidi ya maradufu. Hoja yao inasimama.

Sasa aje mwenye fedha za kununua

Kijiji kidogo, mandhari ya ajabu, tuzo ya kimataifa, jina bado halijajulikana sana nje ya Indonesia. Mtu wa viwanja akisikia maneno hayo moyo unamwenda mbio. Atawaza vibanda sita vya mbao vinavyotazama bonde, bwawa la kuogelea, bei ya usiku kwa dola. Tumlinganishe na sheria, hatua kwa hatua, maana hapa ndipo Nglanggeran inapotofautiana hata na Bali anayoijua.

Sheria mama ya ardhi ya Indonesia ni Sheria Namba 5 ya mwaka 1960. Kifungu cha 21 kinasema umiliki kamili, hak milik, ni wa raia wa Indonesia. Mgeni hapati. Njia ya panya inayotumika sana huitwa pinjam nama, kuazima jina: unatoa fedha, raia anaandikwa kwenye hati, ninyi wawili mnaandikiana mkataba wa siri pembeni. Kifungu cha 26 kimeliona hilo tangu 1960. Mkataba wa kumhamishia mgeni umiliki, uwe wa wazi au wa kuzunguka, ni batili. Ardhi inaangukia kwa serikali, na malipo yaliyokwisha kutolewa hayadaiwi. Soma tena hapo pa mwisho, kwa sababu ndipo dalali huruka. Ukigombana na uliyemwazima jina, au akifa na watoto wake wakaja na wakili, mahakamani utakuwa unaomba ulindiwe kitu ambacho sheria inasema hakikuwahi kuwa chako.

Kinachoruhusiwa kwa mgeni anayeishi nchini kihalali ni haki ya matumizi, hak pakai: miaka 30, inayoweza kuongezwa 20, kisha kuhuishwa 30. Kwa nyumba kuna pia bei ya chini kabisa iliyowekwa na serikali, ili wageni wasigombee nyumba za bei nafuu na wenyeji. Anayetaka biashara hufungua kampuni ya mitaji ya nje, ambayo inaweza kupewa haki ya kujenga, hak guna bangunan, kwa muda wa mpangilio uleule. Lakini kampuni ya namna hiyo inatakiwa iwe na uwekezaji unaozidi rupia bilioni 10. Biashara ndogo za chini ya hapo zimeachiwa wenyeji. Sasa rudi kwenye hesabu yetu. Bilioni 10, karibu dola 600,000, ni mara tatu ya mauzo ya kijiji kizima katika mwaka wake wa kujisifia. Vibanda sita vya mbao haviibebi namba hiyo. Ukilazimisha ibebwe, inabidi ujenge kitu kikubwa kiasi cha kurudisha ule umati wa 2014, na mteja uliyemfuata pale atakuwa hana tena sababu ya kuja.

Mpaka hapo ni Indonesia nzima. Yogyakarta ina ya kwake.

Mkoa huu una Sultani, na Sultani ndiye gavana. Watu wa Yogyakarta hawampigii kura. Sheria ya mwaka 2012 kuhusu upekee wa Yogyakarta ndiyo iliyolithibitisha hilo, na sheria hiyohiyo ikautambua usultani kama mwenye ardhi. Ardhi hizo huitwa Sultan Ground. Mlima wa Nglanggeran, kama hekta 48, ni Sultan Ground. Kijiji kinausimamia, kinauza tiketi, kinafagia njia, lakini mwenyewe ni Ikulu ya Sultani. Anayetaka kutumia ardhi ya aina hiyo huomba barua ya ruhusa ya Ikulu, serat kekancingan, ambayo humpa matumizi na haimpi umiliki. Kwa hiyo kile kivutio chenyewe, kitu kinachofanya kiwanja cha jirani kiwe na thamani, hakiuzwi na hakitauzwa, na masharti yake yanaweza kubadilika katika ofisi ambayo wewe na mwenyekiti wa kijiji nyote hamna kiti ndani yake.

Aina ya pili ni ardhi ya hazina ya kijiji, tanah kas desa. Hukodishwa kwa idhini ya gavana kwa shughuli zilizotajwa, na kujenga nyumba za kuuzia watu hakumo. Mwaka 2023 jambo hili lilitikisa mkoa. Huko Caturtunggal, wilaya ya Sleman, ardhi ya kijiji ilijengwa nyumba zikauzwa kwa watu kama mali ya muda mrefu. Waendesha mashtaka wakaingia, mkuu wa kijiji na mwendelezaji wakafikishwa mahakamani, maeneo kadhaa ya namna hiyo yakafungwa. Walionunua walibaki na makaratasi. Wengi wao walikuwa Waindonesia wenye lugha na majirani wa kuwauliza. Mgeni aliyefika kwa ndege angepona vipi?

Aina ya tatu ni mashamba ya wanakijiji yenye hati zao. Hapa biashara ya kawaida ipo, raia kwa raia. Na hata hapa Yogyakarta ina kizingiti: agizo la makamu wa gavana la mwaka 1975 linalozuia umiliki kamili kwa raia wasiohesabiwa kuwa wenyeji wa asili, na kivitendo limewabana raia wenye asili ya Kichina. Mtu amezaliwa pale, analipa kodi, ana kitambulisho, lakini hati yake inaishia kwenye haki ya kujenga. Limepelekwa mahakamani likabaki palepale. Huo ni ubaguzi, hata kama unaelezwa kama kinga ya mkulima mnyonge. Nakiri pia kwamba ardhi ya sehemu nyingine za Indonesia ilipokuwa ikipita mikononi mwa wenye mitaji, mashamba mengi ya huku yamebaki kwa waliokuwa wakiyalima, na sijui ni kwa kiasi gani niruhusu jambo hilo linifurahishe.

Msomaji wa Tanzania hataona ajabu sana. Sheria ya Ardhi ya 1999 nayo haimpi asiye raia ardhi ila kwa uwekezaji, kupitia mamlaka husika. Na Kenya, katiba ya 2010 imemwekea mgeni kikomo cha ukodishaji wa miaka 99. Michezo ya kuazima jina tunaijua pia, hata bila kwenda Java. Tofauti ni kwamba kwetu mnunuzi huwa mgeni na sisi ndio wenye kiwanja. Mswahili mwenye akiba kutoka Muscat au Minneapolis anayetafuta kijiji kisichojulikana huko Asia amegeuza viti, ni vizuri akumbuke upande ule mwingine unavyoonekana.

Kwa anayekwenda kutembea tu

Huyu mambo yake ni mepesi. Toka Yogyakarta kwa njia ya Wonosari, panda mpaka Patuk, kisha kata kushoto; pikipiki ya kukodi inatosha kwa aliyezoea milima. Mawe huteleza vibaya majira ya mvua, Novemba hadi Machi. Bwawani haogelewi. Lala kijijini walau usiku mmoja, kwa sababu hesabu yote niliyoieleza juu inategemea mtu kulala. Azana utaisikia, viatu utavua mlangoni, na chakula utapewa kwa mikono miwili au kwa wa kulia. Maneno mawili ya Kijava yatakufikisha mbali: monggo, karibu, na matur nuwun, asante.

Na ukibaki siku ya pili omba kupelekwa upande wa mashariki wa mlima, kwenye kitongoji kidogo cha juu kiitwacho Kampung Pitu. Pitu ni saba. Kwa mila ya pale kaya zinazoishi juu haziruhusiwi kuzidi saba. Mtoto akioa na kutaka kaya yake, hushuka kwenda kujenga chini, na hurudi nafasi ikipatikana, kwa kawaida baada ya kifo cha mzazi. Watu wa kitongoji husema waliowahi kujaribu kuwa wa nane hawakudumu, walipatwa na maradhi au mikosi. Yako mashamba, iko chemchemi, mandhari ni ya kumfanya mtu wa vibanda vya mbao alie. Ukikutana na tangazo la kiwanja huko juu, muulize dalali ni ipi kati ya zile saba inayohama.